Prussia na Austria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Falme za Kiimla za Ujerumani, 1618 hadi 1806

Wengi wetu tulikutana na Wajerumani darasani pale walipotia mguu pwani yetu miaka ya 1880, kana kwamba walizaliwa siku hiyo. Maswali yafuatayo ni yale ambayo wanafunzi na wasomaji wa historia hurudia kuniuliza kuhusu yaliyotangulia: jinsi nyumba mbili za kifalme, Hohenzollern wa Berlin na Habsburg wa Wien (Vienna), zilivyojenga enzi zao na kugombana kwa zaidi ya karne moja. Ya msingi yametangulia, yenye ubishi yako mwishoni. Pale jibu moja linapogusa jingine nimetaja namba ya swali.

## Ya msingi

1. Kwani Ujerumani haikuwa nchi moja?

Haikuwa. Kabla ya 1871 hapakuwa na dola moja lenye jina hilo. Palikuwa na Dola Takatifu la Roma, mkusanyiko wa maeneo zaidi ya 300: tawala za wakuu, himaya za maaskofu, miji huru, hata mashamba ya mabwana wadogo waliowajibika kwa Kaisari peke yake. Mfanyabiashara aliyepita na gari la farasi angeweza kulipa ushuru mara kadhaa kabla jua halijatua, kila kizuizi kikiwa na bwana wake.

Kaisari mwenyewe hakurithi kiti, alichaguliwa. Hati ya Dhahabu ya 1356 iliwapa kazi hiyo Wakuu Wachaguzi saba: maaskofu wakuu wa Mainz, Trier na Köln, mfalme wa Bohemia, na watawala wa Pfalz, Saksonia na Brandenburg. Lishike hilo jina la mwisho: ndiyo nchi ya Hohenzollern, yenye mji wa Berlin, ambayo baadaye pamoja na maeneo yao mengine itaitwa Prussia. Tangu 1438 kura zilikuwa zikiangukia nyumba ya Habsburg, isipokuwa kipindi kifupi cha 1742 hadi 1745 (tazama swali la 11).

2. Ufalme wa kiimla ni upi hasa? Mfalme alifanya lolote alilotaka?

Imla tunaijua tangu shule ya msingi: mwalimu anasoma, watoto wanaandika, hakuna wa kumkatiza. Ndivyo wafalme hao walivyopenda kuonekana. Ukiingia ndani ya daftari zao za hesabu, picha inabadilika.

Kilichokuwa kipya ni mambo manne yaliyokwenda pamoja: jeshi la kudumu lisilovunjwa vita vikiisha, kodi inayokusanywa kila mwaka bila mtawala kuliomba upya baraza la mabwana wa ardhi, maofisa wanaolipwa na mtawala na kumwogopa yeye, na mabaraza hayo ya mabwana kupoteza sauti. Lakini hakuna mfalme aliyeyapata haya bure. Aliyanunua kwa mabwana walewale aliowanyamazisha, na malipo yakatoka mgongoni mwa mkulima. Majibu ya maswali ya 6 na 15 yanaonyesha bei yenyewe.

3. Kwa nini mambo yaanzie kwenye Vita vya Miaka Thelathini?

Kwa sababu vita hivyo (1618 hadi 1648) viliacha watu wakiwa hoi, na aliye hoi haulizi maswali mengi kwa mwenye bunduki anayemwahidi amani. Mei 1631 mji wa Magdeburg uliteketezwa, watu wapatao 20,000 wakafa. Brandenburg ilipoteza karibu nusu ya watu wake kwa mapigano, njaa, tauni na kukimbia. Majeshi ya Uswidi na ya Kaisari yalipita humo kwa zamu, kila moja likila kilichobakizwa na jingine.

Mkataba wa Westfalia, uliotiwa saini Münster na Osnabrück Oktoba 1648, uliwapa watawala wa maeneo haki ya kufanya mikataba na mataifa ya nje, mradi isiwe dhidi ya Kaisari na Dola. Maneno hayo ya "mradi" hayakumzuia mtu.

4. Mbona hutajwa Prussia na Austria tu?

Kwa sababu ndizo zilizofika mwisho wa mbio. Mwaka 1700 mtu mwenye busara angeweza kuweka dau lake kwa Saksonia, yenye viwanda na utajiri, ambayo mtawala wake August alikuwa amechaguliwa mfalme wa Poland mwaka 1697 baada ya kubadili dini na kuwa Mkatoliki. Mtawala wa Hannover naye alipata kiti cha Uingereza mwaka 1714. Bavaria ilikuwa na ndoto ya taji la Kaisari.

Kuna mapatano ya mwaka 1717 ambayo kwangu yanaeleza tofauti yao kuliko takwimu. August wa Saksonia alitamani vyombo vya kauri vya China vilivyokuwa katika majumba ya mfalme wa Prussia. Wakabadilishana: Prussia ikatoa vyombo 151, Saksonia ikatoa askari 600 wa farasi. Mmoja akapanga mitungi sebuleni, mwenziwe akaunda kikosi kipya. Miaka 39 baadaye jeshi la Prussia liliingia Saksonia likaitia mfukoni.

5. Akina Friedrich ni wengi mno. Niwatofautisheje?

Shika watano wa Berlin kwa mfuatano. Friedrich Wilhelm, "Mchaguzi Mkuu" (1640 hadi 1688), alijenga msingi. Mwanawe Friedrich alitawala hadi 1713. Ndiye aliyejipatia ufalme na kuitwa Friedrich I. Kisha Friedrich Wilhelm I, "Mfalme Askari" (1713 hadi 1740). Kisha Friedrich II, aitwaye "Mkuu" (1740 hadi 1786). Wa tano, Friedrich Wilhelm II, anagusa habari yetu kwa mbali tu. Ukiona mtu anaandika "Friedrich Wilhelm" bila namba, tazama mwaka kabla hujaendelea.

Wien ni rahisi zaidi: Leopold I (1658 hadi 1705), Joseph I, Karl VI (1711 hadi 1740), Maria Theresia (1740 hadi 1780), Joseph II hadi 1790.

## Berlin: nyumba ya Hohenzollern

6. Brandenburg ilikuwa nchi maskini ya mchanga. Ilipata wapi jeshi?

Kwa mapatano ya mwaka 1653. Mchaguzi Mkuu alikuwa na maeneo yaliyotawanyika: Brandenburg katikati, vipande vya Kleve na Mark upande wa magharibi, na Prussia mbali mashariki. Bila askari wake mwenyewe, kila jirani angepita humo kama anavyopita sokoni. Akaliomba baraza la makabaila wa Brandenburg fedha. Walimpa thaler (sarafu za fedha) 530,000, zilipwe kwa miaka sita.

Walipewa nini? Uthibitisho wa uwezo wao juu ya wakulima wanaoishi mashambani mwao. Palipokuwa na ubishi kama mkulima ni huru au amefungwa kwenye ardhi, ilichukuliwa kuwa amefungwa mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Hebu fikiri: mkulima asiyejua kusoma, nyaraka za kijiji zimeungua vitani, anatakiwa alete ushahidi mbele ya bwana ambaye ndiye pia hakimu wake.

Miaka sita ilipokwisha, kodi haikukoma. Askari walikuwapo tayari, na askari hao ndio waliokwenda kuikusanya. Vijijini ililipwa kodi ya ardhi, ambayo makabaila wa Brandenburg hawakuitoa. Mijini ukaja ushuru wa bidhaa uliotozwa malangoni. Mchaguzi alipofariki mwaka 1688 aliacha jeshi la watu karibu 30,000, ilhali alianza na elfu chache wasioaminika.

Alikuza pia idadi ya watu kwa kupokea wakimbizi. Louis XIV alipowafutia Waprotestanti wa Ufaransa haki zao Oktoba 1685, Mchaguzi alitoa Amri ya Potsdam wiki chache tu baadaye, akiwaita kwa ahadi ya misamaha ya kodi. Walikuja watu wapatao 20,000, mafundi wengi miongoni mwao. Huruma ilikuwapo, kwa kuwa naye alikuwa Mkalvini kama wao. Hesabu nayo ilikuwapo.

7. Je, hakuna aliyepinga?

Walipinga, hasa Königsberg huko Prussia. Mkataba wa Wehlau wa 1657 ulimwondolea Mchaguzi utii wake kwa mfalme wa Poland kwa ajili ya Prussia, na amani ya Oliva ya 1660 ikalikubali hilo. Wenyeji hawakuwa wameulizwa. Kiongozi wa wazee wa mji, Hieronymus Roth, alisema mapatano hayo hayawafungi. Oktoba 1662 Mchaguzi alifika na askari, Roth akakamatwa. Aliambiwa aombe msamaha aachiwe. Hakuomba. Alifia gerezani, ngome ya Peitz, mwaka 1678, baada ya miaka 16.

Kabaila mmoja, Christian Ludwig von Kalckstein, alikimbilia Warsaw. Watu wa Mchaguzi walimteka nyara huko, nchi ya watu, wakamrudisha, akakatwa kichwa Memel mwaka 1672. Baada ya hapo mikutano ya baraza iliendelea kuitishwa, ila sauti zilikuwa za chini.

8. Kwa nini waliitwa wafalme "katika Prussia" badala ya "wa Prussia"?

Ndani ya Dola hapakuwa na nafasi ya mfalme mwingine, ukiacha Bohemia. Prussia ya mashariki ilikuwa nje ya mipaka ya Dola, kwa hiyo taji lingeweza kuegemezwa huko. Na kwa kuwa sehemu ya magharibi ya Prussia ilikuwa chini ya Poland, "wa Prussia" lingekuwa dai la ardhi ya jirani. Neno moja dogo likawatosha wote.

Leopold I alikubali Novemba 1700 kwa sababu alihitaji askari 8,000 wa Brandenburg kwa vita vya kurithi kiti cha Hispania vilivyokuwa vinanukia. Tarehe 18 Januari 1701, Königsberg, Friedrich alijivika taji kwa mkono wake mwenyewe, ndipo maaskofu wakampaka mafuta. Utaratibu huo ulikusudiwa: asionekane amepewa ufalme na binadamu yeyote. Baada ya Poland kugawanywa mwaka 1772 (swali la 18), "katika" ikaachwa.

9. Mfalme Askari alikuwa katili kama wanavyosema?

Kwa mwanawe, ndiyo. Mwaka 1730 kijana Friedrich, mwenye miaka 18, alijaribu kutoroka. Rafiki yake Hans Hermann von Katte alihukumiwa na mahakama ya kijeshi kifungo cha maisha. Mfalme akaibadilisha hukumu iwe kifo. Katte alikatwa kichwa Küstrin tarehe 6 Novemba, na mwana wa mfalme akaletwa dirishani ashuhudie.

Kwa dola lake alikuwa mtunza hazina wa ajabu. Alifagia anasa za baba yake, akapunguza mishahara ya watu wa jumba la kifalme, mwaka 1723 akaunganisha fedha, vita na mashamba ya mfalme chini ya ofisi moja kuu, akawa anavaa sare ya jeshi siku zote. Mwaka 1733 aliigawa nchi katika maeneo ya kuandikisha askari: kijana wa kijiji aliandikwa tangu utotoni, akafunzwa, kisha akarudi shambani sehemu kubwa ya mwaka na kuitwa tena kwa mazoezi ya miezi miwili mitatu. Maofisa walikuwa makabaila. Kwa hiyo yule aliyempangia kazi shambani na yule aliyempigia amri uwanjani mara nyingi walikuwa wa ukoo mmoja.

Alipokufa mwaka 1740 Prussia ilikuwa na watu milioni 2.2 hivi na askari 80,000, na thaler zipatazo milioni nane zimehifadhiwa kwenye mapipa chini ya jumba la Berlin. Mwenyewe hakupenda vita. Alilea jeshi kama mtu anayefuga ng'ombe asiyetaka kuchinja.

## Wien: nyumba ya Habsburg

10. Habsburg walikuwa makaisari. Mbona hawakuitawala Ujerumani yote?

Walijaribu, wakashindwa vitani kabla ya 1648. Kilichobaki kwao ndani ya Dola ni heshima, mahakama na ushawishi. Nguvu yao halisi waliijenga nyumbani na mashariki.

Bohemia ilitiishwa kwanza. Baada ya mapigano ya Mlima Mweupe karibu na Praha, Novemba 1620, viongozi 27 wa uasi waliuawa hadharani Juni 1621, mashamba ya waasi yakagawiwa watu wa Kaisari, na katiba mpya ya 1627 ikafanya taji la Bohemia kuwa la kurithi. Kisha ikaja Hungaria. Jeshi la Waosmani lilipofukuzwa kwenye kuta za Wien tarehe 12 Septemba 1683, kwa msaada wa mfalme Jan Sobieski wa Poland, Habsburg hawakusimama hapo. Walisukuma mbele hadi mkataba wa Karlowitz wa 1699, na karibu Hungaria yote ikawa yao.

Lakini Hungaria haikuwa Bohemia. Mwaka 1687 baraza lake lilikubali ufalme wa kurithi. Mwaka 1703 Ferenc Rákóczi aliongoza uasi uliodumu hadi 1711, na amani iliyopatikana iliwaachia makabaila wa Hungaria baraza lao na msamaha wao wa kodi. Huo ndio mpaka wa imla ya Wien: ilikuwa nene Bohemia, nyembamba Hungaria.

11. Je, Maria Theresia alikuwa Kaisari?

Hapana, ingawa watu wengi humwita hivyo. Kiti cha Kaisari hakikuwa cha mwanamke. Alirithi nchi za Habsburg, akawa malkia wa Hungaria na Bohemia. Cheo cha kikaisari kilimjia kwa mume wake, Franz Stephan, aliyechaguliwa Septemba 1745.

Baba yake, Karl VI, hakuwa na mwana wa kiume aliyeishi. Kwa Tamko la Urithi la 1713 alitangaza kwamba nchi zote zibaki pamoja na binti aweze kurithi, kisha akatumia miaka mingi kuzibembeleza tawala za Ulaya ziweke saini. Ziliweka. Alipokufa Oktoba 1740 binti alikuwa na miaka 23, mjamzito, hazina tupu, na saini zikaanza kuyeyuka. Mtawala wa Bavaria ndiye aliyechaguliwa Kaisari Januari 1742, kwa jina la Karl VII, akafa miaka mitatu baadaye.

## Uhasama

12. Kwa nini Friedrich II aliivamia Silesia?

Alitafutiwa madai ya kisheria ya kale, lakini yeye mwenyewe alikiri katika maandishi yake kuwa alisukumwa pia na tamaa ya kujipatia jina. Sababu zilizo wazi ni mbili: alikuwa na mapipa ya baba yake na askari tayari, na mrithi wa upande wa pili alionekana dhaifu.

Silesia ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja, vitambaa vya kitani vilivyouzwa mbali, madini, na mto Oder unaoteremka hadi Brandenburg. Tarehe 16 Desemba 1740 jeshi lilivuka mpaka. Katika mapigano ya kwanza makubwa, Mollwitz, Aprili 1741, mfalme kijana alidhani ameshindwa akaondoka uwanjani. Askari wa miguu waliofunzwa na baba yake wakashinda bila yeye.

Maria Theresia hakukata tamaa kama walivyotarajia. Alikwenda Pressburg, akavikwa taji la Hungaria Juni 1741, na Septemba akasimama mbele ya baraza lao akiomba msaada. Makabaila hawa walikuwa na kila sababu ya kulipiza kisasi cha miaka ya nyuma. Wakamwahidi askari, naye akawahakikishia haki zao. Ndiyo sababu Hungaria iliendelea kusamehewa kodi. Silesia haikurudi hata hivyo: mikataba ya Berlin (1742) na Dresden (1745) iliiacha mikononi mwa Prussia, isipokuwa kipande kidogo cha kusini.

13. Ni kweli Austria ilimwiga adui wake?

Kweli kabisa, na kwangu hili ndilo fundo la habari yote. Mtu aliyependekeza mageuzi, Friedrich Wilhelm von Haugwitz, alikuwa ametumikia Silesia na akaikimbia Wapurusi walipoingia. Aliona kwamba jimbo lilelile, mashamba yaleyale, liliiingizia Berlin fedha nyingi kuliko lilivyowahi kuiingizia Wien. Tofauti haikuwa ardhi. Ilikuwa nani anakusanya na nani anasamehewa.

Mwaka 1749 Maria Theresia aliunganisha ofisi kuu za Austria na Bohemia, akayataka mabaraza ya majimbo yakubali kodi kwa miaka kumi kwa mkupuo badala ya kubishana kila mwaka, ili kulisha jeshi la kudumu la watu 108,000. Na mashamba ya makabaila yakatozwa, ingawa kwa kiwango cha chini kuliko ya wakulima. Hilo Brandenburg haikuwahi kulithubutu. Mwanafunzi alimpita mwalimu kwenye ukurasa huo mmoja.

14. Prussia iliponaje katika Vita vya Miaka Saba?

Kwa ustadi, kwa fedha za Uingereza, na kwa kifo cha mtu mmoja. Mwaka 1756 waziri Kaunitz wa Wien alifanikisha jambo ambalo Ulaya haikulitarajia: Austria na Ufaransa, mahasimu wa miaka 200 na zaidi, wakawa marafiki. Urusi ikajiunga. Friedrich akawahi kuingia Saksonia mwezi Agosti kabla hawajajipanga.

Alishinda Rossbach na Leuthen katika mwezi mmoja, Novemba na Desemba 1757. Agosti 1759, Kunersdorf, alivunjwa vibaya hata akaandika usiku ule kwamba kati ya watu 48,000 hana 3,000. Oktoba 1760 Warusi na Waaustria waliingia Berlin kwa siku chache. Kisha Januari 1762 malkia Elisabeth wa Urusi akafariki, na mrithi wake Peter III, aliyemhusudu Friedrich, akafanya amani. Mkataba wa Hubertusburg wa Februari 1763 ulirudisha mipaka palepale ilipokuwa.

## Yenye ubishi

15. Mkulima alipata nini katika haya yote?

Alipata kazi. Mashariki ya mto Elbe mkulima aliyefungwa kwenye ardhi hakuweza kuhama, kuoa wala kumpeleka mwanawe kujifunza ufundi bila idhini ya bwana. Watoto wake walitakiwa kutumikia nyumbani kwa bwana kwa miaka fulani. Siku kadhaa za kila wiki alilima shamba la bwana kwa ng'ombe wake mwenyewe, na lake akalilima usiku au siku zilizobaki. Mvua ikinyesha siku ya mavuno, alijua ni nafaka ya nani itakayookolewa kwanza.

Bohemia kazi hiyo iliitwa robota. Neno "roboti" tunalolitumia kwa mashine lina mzizi huohuo. Baada ya wakulima kuasi mwaka 1680, Leopold I aliweka kikomo cha siku tatu kwa wiki, lakini msimu wa kazi nyingi kikomo hicho kilipindwa. Waliasi tena mwaka 1775.

Wafalme walijua. Mkulima aliyechoka hatoi kodi wala askari mwenye afya, kwa hiyo wote wawili, Berlin na Wien, walitoa amri za kumlinda: bwana asimnyang'anye shamba, asimpige ovyo. Kwenye mashamba ya mfalme mwenyewe amri hizo zilishika. Kwenye mashamba ya makabaila zilikwama, maana mtekelezaji alikuwa kabaila, ofisa wa jeshi alikuwa mwanawe, na bila hao wawili mfalme hakuwa na dola. Mapatano ya swali la 6 yalimfunga mnunuzi kama yalivyomfunga aliyeuzwa.

16. Mfalme aliweza kuingilia mahakama?

Aliweza, na mfano maarufu unawagawa watu hadi leo. Christian Arnold alikuwa na kinu cha maji Pommerzig. Bwana mmoja wa jirani alichimba bwawa la samaki juu ya kijito, Arnold akasema maji yamepungua, kinu hakisagi, hawezi kulipa kodi ya pango. Mahakama zikamhukumu, kinu kikauzwa. Mkewe na yeye hawakuchoka kuandika malalamiko kwa mfalme.

Desemba 1779 Friedrich II aliwaita majaji, akawafokea, akawatia gerezani na kuamuru Arnold arudishiwe kinu. Watu wa kawaida walishangilia: mfalme amesimama na mnyonge. Lakini majaji walikuwa wamefuata sheria kama ilivyoandikwa, na ushahidi kuhusu maji haukuwa upande wa Arnold kama mfalme alivyoamini. Baada ya Friedrich kufa, majaji walisafishwa majina. Mimi naona wote wawili walikuwa na hoja: aliyeshangilia alijua mahakama za makabaila zilivyo, na aliyeogopa aliona kwamba haki inayotegemea hasira ya mtu mmoja kesho itamgeukia mwingine. Sheria kuu ya Prussia ya 1794 ilikusudia kulitibu jambo hili.

17. Joseph II alikuwa mfalme wa kiimla au mwanamageuzi?

Vyote viwili. Mwaka 1781 aliwapa Waprotestanti na Waorthodoksi uhuru wa kuabudu na kuondoa kifungo cha wakulima wa Bohemia kwenye ardhi, ili waweze kuhama na kuoa bila idhini. Alifanya haya kwa amri, bila kumuuliza mtu, na hakutaka hata kuvikwa taji la Hungaria ili asiape kulinda haki za makabaila wake. Hungaria ikachemka. Januari 1790, akiwa mgonjwa kitandani, alifuta sehemu kubwa ya amri zake huko, Februari akafa.

18. Mahasimu hawa waliwahi kushirikiana?

Ndiyo, kumla jirani. Mwaka 1772 Prussia, Austria na Urusi walijikatia vipande vya Poland. Prussia na Urusi wakarudia 1793, na watatu wote wakaimaliza 1795. Poland ilikuwa nchi ambayo baraza la makabaila lilibaki na nguvu na mfalme hakupata jeshi la kutosha. Watawala wa Berlin na Wien walitazama hilo wakaona wamethibitishiwa njia yao.

19. Yaliisha lini?

Kaisari Franz II aliweka chini taji la Dola Takatifu tarehe 6 Agosti 1806, kwa shinikizo la Napoleon. Oktoba mwaka huo jeshi la Prussia lilisambaratika Jena na Auerstedt katika siku moja. Amri ya Oktoba 1807 ndiyo iliyoanza kumfungua mkulima wa Prussia, na uhuru wenyewe ukaja kamili Novemba 1810.

## Na Afrika?

20. Hawa ndio Wajerumani waliokuja Tanganyika?

Nyumba ni ileile. Wilhelm I, aliyetia saini hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters tarehe 27 Februari 1885, alikuwa Hohenzollern. Dola lake lilitangazwa tarehe 18 Januari 1871, siku ileile ya taji la Königsberg (swali la 8). Austria iliachwa nje ya dola hilo baada ya kushindwa na Prussia mwaka 1866.

21. Walikuwa na koloni wakati tunaouzungumzia?

Ndiyo. Januari 1683 watu wa Mchaguzi Mkuu walipandisha bendera kwenye pwani ambayo leo ni Ghana, wakajenga ngome ya Groß Friedrichsburg. Kampuni yake iliuza dhahabu, pembe na watu. Maelfu ya Waafrika walivushwa bahari kwa meli zake. Mfalme Askari aliona haina faida, akaiuzia Uholanzi kwa mkataba wa 1717: sarafu za dhahabu 7,200 na vijana 12 wa Kiafrika, sita kati yao wawe wamevishwa minyororo ya dhahabu. Ni mfalme yuleyule wa mapipa na mitungi. Mfanyabiashara wa pale, Jan Conny, alikataa uuzaji huo akawazuia Waholanzi kuingia ngomeni kwa miaka kadhaa.

22. Ni kweli sura ya Maria Theresia ilifika Zanzibar?

Ilifika, mfukoni mwa wafanyabiashara. Thaler yake ya fedha, yenye mwaka 1780, iliendelea kufuliwa baada ya kifo chake kwa mwaka uleule bila kubadilishwa, kwa kuwa wanunuzi wa Bahari ya Shamu, Oman, Uhabeshi na pwani ya Waswahili waliiamini hiyo na kuikataa nyingine. Huku iliingia katika jina la jumla la reale, ikalipia pembe, karafuu na watumwa karne ya 19.

Ukiipata, ishike mwangani. Upande mmoja ni mjane mnene mwenye ushungi na bizimu begani. Maandishi yaliyofupishwa yanamtaja kuwa mke wa Kaisari wa Roma, malkia wa Hungaria na Bohemia. Geuza, na tai mwenye vichwa viwili amezungukwa na Austria, Burgundy na Tirol. Hakuna jina moja la nchi yote, kwa sababu nchi moja haikuwapo. Ukingoni, pale kidole gumba kinapopita, pamechongwa kwa Kilatini: haki na huruma.